Mpokezi na Baba Mkwe

Pazia lilikuwa shuka la maua la kitandani. Tumpale alilitundika kwa misumari miwili, amesimama juu ya stuli, akinung'unika kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

"Serikali imeleta mashine ya kupeleka maumivu kutoka mwili huu kwenda mwili ule. Pazia sasa, nitafute mimi kwenye sanduku la marehemu mama."

"Linatosha, wifi," alisema Subilaga kutoka sebuleni.

"Linatosha kwako. Na kivuli chako je? Baba akikiona atageukia ukutani, na akigeuka huo mkanda wenu utachomoka."

"Nitakaa chini, kwenye mkeka. Kivuli hakitafika."

Aliingia kinyumenyume, akaketi, akalipa shuka mgongo. Upande wa pili mzee alikohoa mara mbili. Kwa miaka kumi na tisa, tangu Subilaga aolewe na mwanawe, hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao. Mzee alikohoa kwenye kona ya njia, naye Subilaga akaingia kwenye shamba la chai na kumpa mgongo mpaka apite. Hakuwahi kumtazama usoni. Hakuwahi kutamka jina lake. Wakwe wengine wa Tukuyu walikwisha kuyaacha hayo, wanakula meza moja na kupiga picha wamekumbatiana, lakini mzee hakuacha. Subilaga mwanzoni aliona ni usumbufu. Baadaye alikuja kuona kwamba ni namna ya kupendwa: kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejali asimwone akiwa amechoka, au amelia, au kitenge kimemlegea.

Alifungua kisanduku cha chuma, akatoa mikanda miwili. Mmoja akampa Tumpale akamfunge mzee kisogoni. Mwingine akajifunga mwenyewe. Kishikwambi kikawaka juu ya mkeka.

"Mpokezi, taja jina la mgonjwa."

Subilaga alikaza mkanda wake kisogoni.

"Mpokezi, taja jina la mgonjwa."

"Faili namba elfu mbili mia nne na sita," alisema.

Kishikwambi kilisita, kikakubali. Nyuma ya shuka mzee alicheka kidogo, kicheko cha puani.

"Tumpale," alisema, "mwambie mkwe namba hiyo ni nzuri. Nimeipenda kuliko jina nililopewa na baba yangu."

"Amesikia, baba. Hata ng'ombe wamesikia."

Sheria ya Hitimisho ilikuwa na miaka sita. Kabla ya kupita ilibishaniwa bungeni kwa karibu miaka miwili. Waliotaka mgonjwa asiye na tumaini la kupona aruhusiwe kuomba kufa walisema ni ukatili kumlazimisha mtu asubiri. Waliopinga walisema maskini wataombewa kifo na watoto wao wenyewe. Madaktari walikataa kuamua, na mashine hazikuaminiwa. Ndipo mbunge mmoja aliposimama akauliza ni nani ndani ya ukumbi ule anayekijua kile wanachokizungumzia. Kikazaliwa kifungu cha kumi na moja. Hakuna atakayeruhusiwa kufa mpaka mtu aliyekula kiapo ayapokee maumivu yake kwa dakika saba, kisha ayape namba kuanzia moja hadi kumi. Kikao kimoja kati ya vitatu kikifika nane, ombi linapita. Visipofika, linafungwa kwa siku tisini. Na mgonjwa akitamka wakati wowote kwamba hataki, linafungwa papo hapo na halifunguliwi tena, ili asiwepo mtu wa kumshawishi mara ya pili.

Mikanda haikupunguza kitu. Ilinakili tu, mgonjwa alibaki na maumivu yake yote, na mpokezi akapata ya kwake yanayofanana nayo. Kwa kuwa namba hutamkwa kwa mdomo, na mdomo waweza kununuliwa, mkanda wa mpokezi ulisikiliza pia mapigo ya moyo na jasho lake. Mdomo ukisema tisa na mwili ukasema tatu, kikao kinafutwa na mpokezi anapelekwa mahakamani.

Sheria ilimkataza mpokezi kumpima ndugu yake wa damu au mwenzi wake wa ndoa. Juu ya mkwe haikusema neno. Walioitunga huko Dodoma walidhani ukaribu unakaa kwenye damu au kitandani. Wapokezi wa mkoa mzima walikuwa wamebaki wawili, na yule mwenzake Subilaga alikuwa amelazwa Mbeya, hawezi tena kuguswa hata na shuka. Foleni ya kumsubiri mpokezi kutoka mkoa mwingine ilikuwa miezi minne. Saratani ya mzee ilikuwa imetoka kwenye tezi dume ikaingia mifupani, na daktari alikuwa amempa miezi miwili.

Subilaga alivuta pumzi, akabonyeza.

Alikuwa amejiandaa kwa kishindo. Alishawapokea watu arobaini na mmoja. Alizijua saratani za mifupa: zilikuja kama nondo ya moto inayopigwa nyundo kutoka kiunoni kwenda juu. Hii ilikuja taratibu. Nyonga zikawa nzito, mgongo ukauma kama wa mtu aliyelima tangu asubuhi, kisha yakatulia hapo. Alisubiri yapande. Hayakupanda.

Dakika saba zikaisha.

"Tatu," alisema Subilaga, na mwili wake ukakubaliana naye.

*

"Tatu?" Ipyana, mumewe, alimfuata hadi nyuma ya nyumba, kwenye bomba. "Mama Lusajo, tatu?"

"Ndicho nilichohisi."

"Unamsikia alfajiri. Unamsikia anavyouma blanketi ili watoto wa jirani wasiogope. Juzi ameniambia, mwanangu, nimalizie. Mimi! Aniambie mimi! Halafu wewe unaandika tatu, namba ya mtu aliyejikwaa kidole."

"Ipyana, mimi siandiki nikisikiacho mlangoni. Ninaandika kilichoingia mwilini."

"Basi mwili wako umekufa ganzi. Kazi hiyo imekuua."

Subilaga aliendelea kunawa mikono. Na yeye alikuwa amejiuliza hivyohivyo. Mwaka uliopita, Kyela, mama mmoja alimpigia magoti kwa ajili ya mwanawe. Subilaga alihisi saba katika vikao vyote vitatu, akaandika saba. Yule mama alisema, "Ongeza moja tu, mwanangu. Moja tu." Naye akamjibu kwamba siku mpokezi atakapoandika asichohisi, hakutakuwa na sheria tena, kutakuwa na watu wanaouana kwa huruma. Alilisema kwa upole, na aliliamini. Kijana aliishi siku themanini baada ya hapo.

"Kuna vikao viwili bado," alisema. "Tusubiri."

"Wewe unaweza kusubiri," alisema Ipyana.

Kikao cha pili kilikuwa siku mbili baadaye. Safari hii mzee alikuwa mchangamfu hata zaidi. Alimtuma Tumpale amwulize mkwe kama amekula, kama mjukuu wake Lusajo anaendelea vizuri na masomo yake, kama paa la kule kwake limezibwa. Tumpale alisimama katikati akizungusha kichwa huku na huku kama mtu anayetazama mchezo wa mpira.

"Anauliza paa."

"Mwambie limezibwa."

"Limezibwa, baba. Nyie wawili mngeninunulia basi hata soda, maana koo limenikauka."

Subilaga aliandika mbili.

*

Aligundua kwa bahati tu, kesho yake saa nne asubuhi. Aliingia jikoni kuchukua kisu akamkuta Tumpale ameishikilia chupa ya mofini kwenye mwanga wa dirisha, anaitikisa. Ilikuwa tupu. Chupa ile ilipaswa kufika hadi Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Imemwagika?" aliuliza Subilaga.

Tumpale alikaa kwenye kigoda, akachukua ndizi, akaanza kuimenya vibaya, akiondoa maganda pamoja na nyama yake.

"Wifi. Imemwagika?"

"Ameinywa."

"Lini?"

"Siku za vikao. Saa moja kabla hujaingia." Sasa alisema haraka, bila kuinua uso. "Dawa za usiku haziingizi mdomoni, anazitunza kwenye kikombe, na za asubuhi anazitunza, halafu wewe ukikaribia anakunywa zote kwa pamoja, na juu yake anaongeza za kwenye chupa. Ndiyo maana alfajiri analia vile. Hana kitu tumboni wifi, anakuwekea wewe."

Subilaga aliegemea meza.

"Ananiwekea mimi?"

"Alisema, ningewezaje kumtia mkwe wangu kwenye moto huu? Alisema, mwanamke ambaye sijamwonyesha hata miguu yangu, leo nimwonyeshe hili? Akaniapisha nisiseme."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Tumpale aliinua macho, yalikuwa mekundu. "Kwani unajua nilivyofurahi uliposema tatu? Mimi sikuitaka hiyo sheria yenu. Mimi nasali. Niliona, haya, Mungu amepata njia. Baba hatauawa na mtu wa nyumbani. Halafu ikafika alfajiri." Aliiweka ndizi chini. "Nimekaa naye alfajiri zote, wifi. Sasa hata sijui ninamwomba nini Mungu."

Kuku mmoja aliingia, akatazama, akatoka.

Sheria ilisema mgonjwa apimwe akiwa kwenye dawa zake za kawaida. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu anayeomba kufa atahangaika aonekane mzima. Subilaga angeweza kuripoti. Vikao vingefutwa, faili lingerudi mwisho wa foleni, miezi minne. Mzee hakuwa na miezi minne. Ilibaki njia moja ya halali: kikao cha tatu, mzee akiwa hajanywa chochote cha ziada.

Ipyana aliingia kwa baba yake kumwomba. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na sura ya mtu aliyepigwa.

"Amekataa," alisema. "Nimemwambia, baba, ukinywa hutapata unachokitaka. Amesema anajua. Nimemwambia, yeye ni kazi yake, ameshawapokea watu arobaini. Amesema hao arobaini hawakuwa wakwe zake."

"Mwambie mimi nimeridhia."

"Nimemwambia. Amesema, 'Yeye amenipa heshima miaka kumi na tisa. Nife vizuri kwa kumvua hiyo?'" Ipyana alikaa chini, kwenye ngazi, akafunika uso. "Ameiomba chupa mpya leo hii, Mama Lusajo. Ili kesho awe tayari."

*

Usingizi haukumjia, na alfajiri alimsikia. Zamani alikuwa akisikia sauti ya mgonjwa. Sasa alisikia kitu alichotunziwa yeye, tone kwa tone, ndani ya kikombe.

Aliyapanga mawazo yake kama alivyozoea kupanga vifaa. Maumivu yale yalikuwa tisa. Hilo hakulihisi, lakini alilijua, kama mtu anavyojua kuna mto nyuma ya kilima kwa kuusikia. Kiapo chake hakikusema andika unachojua. Kama angeandika tisa, je, yule mama wa Kyela? Kijana wake alikuwa amebakiwa na moja tu, naye alimnyima, kwa upole, akaenda nyumbani akala. Alikuwa anajiambia kwamba mwili wake ndio uliokataa. Sasa alikuwa anapanga kuusemesha mwili wake uongo kwa ajili ya mtu wake mwenyewe. Alilitafuta jibu lililo safi. Hakuliona. Kila upande aliogeukia kulikuwa na mtu anayelia.

Kikao kiliwekwa saa tatu. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, ile mvua ya Rungwe isiyo na haraka, na chumba kilikuwa cha baridi hata Tumpale akaleta jiko la mkaa akaliweka upande wa Subilaga, maana mzee alikuwa na mablanketi matatu na mkwe alikuwa na kanga tu.

"Lisogeze karibu kidogo," alisema Subilaga.

"Utaungua."

"Nasikia baridi."

Mzee alikohoa mara mbili. Sauti yake ilikuwa nzito, ya dawa.

"Tumpale, mwambie mkwe leo ndiyo mwisho wa kumsumbua."

"Amesikia, baba."

Subilaga alitaja namba ya faili. Akabonyeza. Uzito uleule ukashuka kwenye nyonga, mpole, wa mtu aliyelima. Dakika ya kwanza. Ya pili. Aliutazama mkono wake wa kushoto. Mkanda ulisikiliza mapigo na jasho; haukujua vinatoka wapi. Dakika ya tatu, Tumpale akiwa amegeuka kumwekea mzee mto, Subilaga aliunyosha mkono, akaweka kiganja juu ya ukingo wa jiko, akakibana hapo.

Alishapokea tisa nyingi. Alijua namna ya kukaa nazo bila kutoa sauti. Ndiyo kazi aliyojifunza mwenyewe, bila mwalimu, kikao baada ya kikao. Lakini zile zilikuwa za watu wengine, na mwili wake ulikuwa ukijua. Hii ilikuwa yake. Kwenye kishikwambi mstari wa moyo ulipanda. Jasho likamtoka. Saba na nusu. Nane. Alihesabu: ilibidi afike dakika ya saba, kisha aseme neno moja.

Kwenye dakika ya tano ilimtoka sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa mguno tu, kama wa mtu anayeinua mzigo.

Nyuma ya shuka mablanketi yalitikisika.

"Nini hicho?" alisema mzee.

"Si kitu, baba, lala."

"Ni mkwe?" Sauti ilikuwa imeamka ghafla. "Tumpale, ni mkwe huyo? Yamemfika?"

"Baba, lala chini..."

"Nimekunywa chupa nzima! Yamemfikaje?" Kitanda kililia. "Mfungue! Mfungueni mkwe wangu! Sitaki! Nimesema sitaki!"

"Baba!" Subilaga alipaza sauti, na lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumwambia uso kwa uso, ijapokuwa uso wenyewe ulikuwa nyuma ya maua ya shuka. "Baba, si yako! Ni moto! Nimejichoma mwenyewe, si yako!"

Kishikwambi kilizima mstari wa moyo. Kwa sauti yake ya adabu kikasema kwamba mgonjwa amelikataa ombi lake kwa hiari, kwamba faili namba elfu mbili mia nne na sita limefungwa, na kwamba serikali inamtakia nafuu.

Tumpale alilizunguka shuka, akaona mkono. Akalisukuma jiko mbali kwa mguu. Nyuma yake mzee alikuwa anauliza, tena na tena, ni moto gani, ni moto gani.

*

Ipyana aliandika rufaa. Jibu lilikuja baada ya saa moja, sentensi mbili, ya pili ikiwa salamu.

Siku ya tano baada ya kikao, mofini ilikuwa haitoshi tena, hata ya chupa nyingine waliyoletewa. Sasa mzee alikunywa dawa zake kwa saa zake, kama daktari alivyosema, na haikumsaidia kitu. Lakini nyumba ilikuwa kimya. Ukimya huo ndio uliowatisha. Hata alfajiri hakulia. Tumpale alisema anatetemeka tu, ameuma shuka mpaka limetoboka.

Ipyana alimkuta Subilaga sebuleni, mkono umefungwa kitambaa cha hospitali.

"Mama Lusajo." Alisimama mbali kidogo. "Mzee ana ombi."

"Aseme."

"Anaomba uondoke. Uende Mbeya kwa watoto, mpaka... mpaka mwisho. Hana hasira na wewe, ameniambia nikuambie. Amesema tangu siku ile anaogopa kulia. Akijua upo ndani ya nyumba, hawezi. Anasema amechoka sana na angependa kulia."

Subilaga alitikisa kichwa kukubali. Alifunga begi kwa mkono mmoja. Hakuingia kuaga, kwa kuwa kuaga kungekuwa kumtazama. Alisimama tu ukumbini, akaliangalia shuka la maua kupitia mlango uliokuwa wazi. Alitafuta la kumtumia kwa mdomo wa wifi yake.

"Mwambie nimekwenda," alimwambia Tumpale.

"Subiri mvua ikatike."

"Mwambie sasa hivi."

Njia ilipanda katikati ya mashamba ya chai, yenye utelezi. Alitembea kwa uangalifu, begi begani, mkono uliofungwa ameukumbatia kifuani. Alikuwa hajafika hata nusu ya njia ya kwenda barabarani pale sauti ilipoanza nyuma yake. Kwanza ilikuwa ya kujaribu, kama ya mtu anayesikiliza kwanza kama yuko peke yake. Kisha ikafunguka.

Tumpale alikuwa amemwambia mapema mno. Subilaga alikuwa bado karibu, na alikuwa anasikia kila kitu, na mzee hakujua. Aliziba masikio, lakini mkono mmoja ulikuwa wa kitambaa na haukuziba. Akaanza kukimbia, akiteleza na kuinuka, kupanda mlima, ili amwachie nafasi.